Ziwa la Mama Mkwe

Kama wiki iliyopita gazeti lenu lilifungiwa nyama kabla hamjalisoma, sogeeni niwarudishe nyuma kidogo.

Mimi ndiye Yurub, yule anayewapaka maharusi hina hapa Garissa. Mwaka wa mafuriko ya El Nino nilitolewa kwenye lori lililozama karibu na Habaswein, nikiwa kichanga. Abiria walipitishiana watoto juu ya maji, na nilipofika nchi kavu kila mwanamke alidhani mimi ni wa mwenzake. Hakuna aliyenidai mpaka leo.

Nesi mmoja wa Kikamba, Mueni, alikuwa kazini kwenye zahanati ya pale. Akanipokea, akanilea. Yeye Jumapili huenda kanisani, lakini mimi alinipeleka madrasa na watoto wa majirani. "Mtoto wa watu nitamrudisha kama nilivyompokea," ndivyo alivyokuwa akisema. Alinikataza jambo moja tu. "Mimi niite Mwaitu, ndivyo sisi Wakamba tunavyowaita mama zetu. Lile neno lenu, hooyo, mwekee mwenyewe. Siku atakayokuja alikute halijatumika."

Nikaliweka. Mwenyewe hakuja.

Badala yake alikuja Deeq, mfanyabiashara wa ngamia. Tukapendana. Lo, tulipendana! Shida ni kwamba kwao haolewi mtu asiye na watu. Mtoto wa Kisomali hufundishwa kutaja baba, babu, na babu wa babu, mpaka pumzi imwishie. Abtirsi, wenyewe huita. Mimi nikiulizwa ningesema nini? Yurub binti Lori?

Basi Deeq akanitungia baba. Marehemu, mtu wa Takaba, mbali huko Mandera ambako mama yake hana jamaa wa kumuuliza. Akanipa na babu saba juu yake. Nikawakariri, nikawataja mbele ya mama yake, Eeddo Ardo, yaani Shangazi Ardo kwa heshima, bila kujikwaa hata kwa mmoja. Eeddo Ardo akafurahi, ami yake Deeq akafurahi, harusi ikapangwa Alhamisi.

Wakati ule niliona ni uongo mdogo wa kuvukia tu. Sasa sikilizeni ulikonifikisha.

*

Niliwaacha nikiwa mbele ya kamera.

Koome, yule mwongozaji kutoka Meru, alinitoa kwenye kibanda changu cha hina akasema nina uso wa filamu. Filamu yenyewe ni ya mwanamke aliyepoteza mume, akapoteza na watoto, akarudi kwao akakuta boma tupu. Anasimama mlangoni, anamwita mama yake. Hilo tu. Neno moja.

"Sema, dada," Koome akaniambia. "Hooyo. Halafu unalia."

Nikafungua mdomo. Neno likakataa.

"Tena."

Nikajaribu tena. Kamera ikazunguka, jua likapanda, mpiga picha akaketi juu ya sanduku lake. Mimi nimekodoa macho kwenye mlango wa boma la kuazima.

"Yurub, wewe si Msomali? Hilo neno unalijua tangu utotoni!"

"Nalijua. Lakini si langu kulitumia."

"Ni la nani?"

"La mwenyewe."

Koome akashusha pumzi. Si mtu mbaya. "Sawa. Basi usiite. Imba. Imba chochote ulichoimbiwa ukiwa mdogo, halafu tuende tukale."

Hapo sikusita hata kidogo. Upo wimbo mmoja ambao Mwaitu ameniimbia tangu sijaota meno. Kisomali chake cha kuombea maji, lakini wimbo ule anao wote, mwanzo hadi mwisho. Nikaketi kizingitini, nikaimba.

*Huwaya huwa, lala,*
*Barwaqo anakuja, wa sikio pungufu,*
*fisi alimtaka akamkosa,*
*maziwa yake yote ni yako wewe.*

Na beti nyingine nyingi zinazofuata. Nilipomaliza, mpiga picha alikuwa anafuta macho kwa shati lake. Koome akasema tumepata.

Deeq hakuwepo. Alikuwa Hadado kununua ngamia. Laiti angekuwepo!

*

Filamu ilionyeshwa Jumamosi baada ya Alasiri, ukumbini. Wanaume kulia, wanawake kushoto. Deeq alikuwa amerudi asubuhi ileile, bado ana vumbi la Hadado kwenye nyusi, akanitupia jicho kutoka upande wa pili na kutabasamu. Moyo wangu ukafanya vituko.

Mimi niliketi katikati ya Mwaitu na Eeddo Ardo. Niliketi? Uongo. Mimi kukaa kunanishinda. Nilinyanyuka kunywa maji, nikanyanyuka kusalimia, nikanyanyuka bila sababu yoyote.

"Tulia, mama!" Mwaitu akanivuta gauni. "Una upele?"

Eeddo Ardo alikuwa hajawahi kuingia mahali pa sinema. Akawa anaongea na kitambaa cha picha. "Huyo mume asipande gari hilo! Mwambieni!" Wanawake wakacheka. Mume akapanda, akafa, Eeddo Ardo akasonya. "Si nilisema?"

Halafu nikatokea mimi kizingitini, mkubwa kama nyumba. Nikaanza kuimba.

Eeddo Ardo akanyamaza.

Ubeti wa kwanza ulipofika kwa Barwaqo, nilimsikia akivuta pumzi. Ulipofika kwa fisi, alikuwa amesimama. Akatoka kwenye viti, akaenda mbele huku shuka yake ikiburuta, mpaka kivuli chake kikaufunika uso wangu pale kwenye kitambaa.

"Mama, keti!" vijana wakapiga kelele. "Mama, tunaona mgongo tu!"

"Zima!" akasema. "Zimeni hicho kitu!"

Koome akazima. Taa zikawashwa. Eeddo Ardo akageuka, akanitafuta kwa macho kati ya wanawake, akanijia.

"Nani alikufundisha wimbo huo?"

"Mwaitu, Eeddo. Nimekosea? Ni wimbo mbaya?"

"Huo si wimbo wa watu. Ni wangu. Niliutunga mwenyewe." Akajipiga kifua. "Barwaqo ni ngamia aliyepewa mwanangu Deeq siku kitovu chake kilipofungwa. Fisi alimng'ata sikio. Hakuna ngamia mwingine wa hivyo. Na mimi sijauimba tangu nilipoondoka Habaswein."

Akamgeukia Mwaitu. Kwa Mwaitu huwa anasema Kiswahili, kile chake ambacho p zote ni b. "Wewe mama. Hii wimbo nabata wabi?"

Mwaitu akavua miwani. Akaifuta. Akaivaa tena, akamtazama usoni kama mtu anayetafuta nyumba aliyowahi kupanga zamani.

"Aiya!" akasema. "Mama wa Dirishani!"

"Sista!" Eeddo Ardo akapiga kelele. "Sista mwembamba!"

"Wembamba uliisha zamani, mama!"

Wakashikana pale katikati ya ukumbi, mmoja analia, mwingine anacheka, watu wote wamesimama juu ya viti. Miezi mingi wamekunywa chai pamoja wakipanga harusi yangu, wamebishana juu ya mbuzi na mchele, na hawakujuana. Zahanatini Mwaitu aliwaita wagonjwa kwa vitanda vyao. Na Eeddo Ardo wa siku zile alikuwa mke mdogo wa mfugaji, amekonda, na mtoto mgonjwa kifuani.

Halafu Eeddo Ardo akaniachilia kilio kikubwa begani. "Mwanangu! Mwanangu, uko hai!"

Mwanangu.

Wasomaji wangu, mnajua nilivyolisubiri neno hilo. Nimelisubiri kwenye kila stendi na kila soko, nikitazama nyuso za wanawake. Na lilipokuja, lilikuja kutoka kinywani mwa mama wa mchumba wangu. Juu ya bega lake nilimwona Deeq anavuka kutoka upande wa wanaume.

"Eeddo," nikasema, na sauti haikuwa yangu. "Wewe ndiye uliyenizaa?"

"Hapana. Sijui aliyekuzaa, maskini. Nadhani maji yalimchukua. Mimi nilikunyonyesha."

Uuuwi! Nilipumua mpaka mbavu zikauma. Mwaitu naye akapumua, akapiga makofi, akaangua kicheko cha Kikamba kinachosikika mtaa wa tatu.

"Bwana asifiwe! Si ndugu! Nilikuwa nishakufa mimi! Harusi iko palepale!"

Hakuna aliyecheka naye.

Nikatazama pande zote. Wanawake walikuwa wameshika midomo. Ami yake Deeq alikuwa amefumba macho. Na Deeq, aliyekuwa amenyoosha mkono kunishika, alikuwa ameurudisha polepole na kuuficha nyuma yake.

Hapo ndipo darasa la ustadhi wetu liliponirudia, lile nililolisinzia kwa sababu ya joto. Aliyekunyonyesha ni mama yako. Wanawe ni ndugu zako. Ndugu hawaoani.

"Hooyo," Deeq alimwambia mama yake kwa sauti ya chini, "kwa nini hukuwahi kusema?"

"Ningemwambia nani? Baba yako aliniambia yule mtoto wa zahanati amekufa. Maji yalipopungua alitaka tuhame na wanyama, mimi nalia nataka kurudi kumchukua. Akasema amekufa, acha kulia. Nikaamini." Akatutazama, mmoja baada ya mwingine. "Na nyinyi mlisema huyu ni wa Takaba. Baba yake fulani bin fulani. Alinitajia babu saba! Kama mngeniambia alitolewa kwenye lori, ningemjua siku ileile, chai haijapoa."

Mimi nilitaka ardhi inimeze, pamoja na wale babu zangu saba.

*

Nyumbani nilitembea kutoka mlangoni hadi jikoni, kutoka jikoni hadi mlangoni. Hina ya harusi ilikuwa imelowekwa kwenye bakuli. Nikaisukuma chini ya meza nisiione.

Mwaitu alikuwa anakunja nguo. Kila akikunja moja anaikunjua.

"Maziwa tu!" akasema. "Yurub, mimi nimekuwa nesi maisha yangu yote. Wodini anayelia anapewa titi lililo karibu. Nikajua ni msaada. Maziwa ya kopo hayakuwepo, barabara ilikatika. Kwani ukinywa ya ng'ombe, ng'ombe naye anakuwa mama yako?"

"Ng'ombe hapana. Mtu ndiyo."

"Kwa hiyo yule ni mama yako. Kabisa kabisa."

"Kwa dini yangu, ndiyo."

Akakunja nguo nyingine. "Na mimi?"

Nilipaswa kusimama pale pale, nikae naye, nimshike. Badala yake nilikuwa nimeshafika jikoni, na nikajibu nikiwa kule. "Wewe ni Mwaitu."

"Haya," akasema.

Simu ikalia. Deeq. Nikaikamata kabla haijalia mara ya pili.

"Nimemuuliza Sheikh Ahmednoor," akasema haraka, kama mtu anayekimbia. "Haihesabiwi hovyo. Lazima iwe mara tano, na kila mara mtoto ashibe mwenyewe aachie. Ikipungua mara tano, si kitu, tunaoana. Kesho asubuhi nyumbani kwake. Yeye atamuuliza mama."

"Mama yako amesema ngapi?"

"Hasemi. Amejifungia." Akashusha sauti. "Yurub, omba ziwe chache."

Niliomba. Wallahi niliomba. Nikiwa kwenye mkeka nilimwomba Mungu yule mwanamke awe alininyonyesha kidogo, nikatoka hapo nikajiona mchawi. Maana mtoto gani anaomba alishwe kidogo?

*

Kwa Sheikh Ahmednoor, mtaani Bula Iftin, viatu vyetu vilijipanga mlangoni. Ndani tulikaa kwenye mazulia: Eeddo Ardo peke yake upande mmoja, amejifunika mpaka kidevuni. Deeq na ami yake karibu na mlango. Mimi na Mwaitu ukutani, mkono wangu ndani ya mkono wake.

Sheikh ni mtu wa maneno machache. Akauliza habari za mafuriko, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Sasa, Ardo. Ulimnyonyesha mtoto huyu. Mara ngapi hadi akashiba?"

Eeddo Ardo alikuwa anatazama zulia.

"Nne," akasema.

Ami yake Deeq akaachia pumzi. "Alhamdulillahi!" Deeq akainamisha uso mikononi, nikaona mabega yake yanashuka. Na mimi? Nilitaka kuruka. Nne! Nambari tamu kuliko zote duniani.

Lakini mkono wa Mwaitu ulikuwa umenibana mpaka vidole vinauma. Akaniinamia sikioni, kwa Kikamba ambacho pale ndani tulikijua wawili tu.

"Anadanganya huyu. Ulimlalia kifuani mpaka barabara ilipofunguliwa. Nilikuwa nikikutoa kwa nguvu nikupime."

Nikakaa kimya. Naam, nilikaa kimya. Yeyote ambaye hajawahi kupenda anihukumu.

Sheikh akaendelea kwa upole. "Una hakika, Ardo? Maana ukisema nne, maana yake huyu si mtoto wako. Hakuna undugu. Ni mgeni kwako kama binti yeyote wa njiani, mpaka hapo atakapoolewa na mwanao. Ndivyo unavyosema?"

Eeddo Ardo hakuinua macho.

"Sema kwa kinywa chako, nisikie."

"Si..." Akameza mate. "Si mwanangu."

Alisema kwa ajili yangu. Nilijua. Alitaka kunipa mwanawe, na bei yake ilikuwa kunikana, akailipa hapo hapo mbele ya watu. Lakini jamani, kusikia ni kitu kingine. Nimewahi kuokotwa, nimewahi kuulizwa wewe ni wa nani, nimewahi kuazimwa babu. Kukanwa ilikuwa mara ya kwanza.

Sheikh akamgeukia Mwaitu. "Sista, wewe ulikuwepo. Kisomali unakijua?"

"Cha sokoni, Sheikh."

"Lakini wimbo wa huyu mama unaujua wote. Nimeambiwa una beti nyingi."

Mwaitu akaitikia kwa kichwa.

"Alikuwa anauimba lini?"

"Akinyonyesha," Mwaitu akajibu, kisha akajua alichosema. Akaziba mdomo.

Deeq akainua uso.

"Mtu asiyejua lugha hajifunzi wimbo mrefu kwa kuusikia mara nne," Sheikh akasema. Hakuwa na ukali. "Lakini mimi sihukumu kwa kukisia. Sista, nakuuliza, na nitachukua utakachosema. Zilikuwa nne, au zilizidi?"

Mwaitu akanitazama mimi.

Huyu ni mwanamke aliyenirudisha dukani nikiwa mdogo, mvua inanyesha, kwa sababu mwenye duka alikosea akanipa peremende moja zaidi. Hajawahi kunikubalia uongo. Hata wa wale babu wa Takaba aliuvumilia shingo upande. Na sasa macho yake yalikuwa yananiuliza: niseme nini, mwanangu? Sema wewe. Ukitaka nne, nitasema nne, na kanisani nitajuana na Mungu wangu.

Nikamtazama Deeq. Alikuwa ananitazama kwa macho mekundu, na kichwa chake kikatikisika kidogo sana. Sikujua kama ananiambia nikubali au nikatae. Hata leo sijui.

Nikamtazama Eeddo Ardo. Shuka ilikuwa imemteleza. Alikuwa analia bila sauti, na mikono yake miwili ilikuwa mapajani, imefumbatana, inayumba kidogo mbele na nyuma, kama iliyobeba kitu. Hakujua kama anaiyumbisha.

Neno likapanda lenyewe. Kamera haikuweza kulitoa, Koome hakuweza, lakini lilipanda kama lilivyokuwa, halijatumika.

"Hooyo," nikasema.

Hakuna aliyehitaji kuuliza maana yake. Eeddo Ardo, mama yangu, alitoa mlio nisioweza kuuandika, akaja kwa magoti juu ya zulia, akanishika kichwa akakiweka kifuani. Harufu ya moshi na maziwa. Nikalia mpaka nikakosa pumzi. Nililia kwa furaha, na nililia kwa Deeq, na vilio hivyo viwili havikutaka kungojeana.

Nilipoinua uso, Deeq alikuwa amesimama mlangoni anavaa viatu. Alikosea mguu, akavua, akavaa tena. "Mwangalie mama," akaniambia. Akatafuta neno la kuniitia, kwa kuwa lile la kila siku lilikuwa haramu sasa. "Walaal," akasema. Dada. Akatoka.

Nikataka kumshika Mwaitu niinuke. Mkono wangu ukashika zulia.

Mwaitu alikuwa ameniachia. Sijui ni saa ngapi aliniachia. Alikuwa ameshachukua mkoba wake, anafunga leso kichwani, hatazami mtu.

"Mwaitu?"

"Amekuja mwenyewe," akasema. "Nilikuambia atakuja. Nimekurudisha kama nilivyokupokea." Akajaribu kutabasamu, midomo ikakataa. "Lile neno hata mimi nilikuwa nalitaka, Yurub. Miaka yote. Nilikukataza ili nisilizoee."

Naye akatoka.

Nilijing'oa kifuani kwa Hooyo, nikakimbia bila viatu. Nilipofika getini changarawe ilikuwa imenichana mguu. Deeq alikuwa amekata kona kulia, kuelekea soko la mifugo, anatembea haraka. Mwaitu alikuwa amekata kushoto, kuelekea stendi ya mabasi ya Kitui, kwao Ukambani, anatembea polepole na mkoba wake.

Nyuma yangu, ndani ya nyumba, Hooyo alikuwa ananiita kwa jina.